Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Kiswahili: neno gondola na njia zilizopitwa na maneno yetu

Kwa viongozi wa Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA), Baraza la Kiswahili la Zanzibar (BAKIZA), Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki

YAH: KUANDIKA HISTORIA YA MANENO KATIKA KAMUSI ZETU

Waheshimiwa viongozi na wataalamu,

Nawaandikia kwa heshima, na nawaandikia hadharani kwa kuwa jambo lenyewe linamhusu kila anayesoma na kuandika Kiswahili. Kazi yangu ni kutafsiri: mikataba, maelezo ya mashine, vipeperushi vya watalii, mara mojamoja makala za magazeti. Katika kazi hiyo neno gondola limenijia mara nyingi, na karibu kila mara limekuja na sura nyingine. Mara ni chombo cha majini cha Venezia, mji wa mifereji kule Italia. Mara ni kitu kinachoning'inia chini ya puto. Mara ni chumba cha kupandishia watu mlimani kwa waya. Limenijia likiwa behewa, likanijia likiwa rafu ya supamaketi, na likanijia likiwa jukwaa la mafundi wanaosafisha madirisha ya maghorofa.

Nimelichagua neno hili kwa makusudi. Si letu, halina ugomvi wa kisiasa wala wa lahaja, na historia yake imeandikwa vizuri. Kwa hiyo linafaa kuwaonyesha ninachokiomba, nacho ni hiki: kamusi zetu zieleze maneno ya kukopa yametoka wapi, yamepita mikononi mwa nani, na yalibadilika maana wapi njiani.

Mtindo tuliouzoea ni kuweka kifupisho cha lugha kwenye mabano. Neno la Kiarabu linapewa Kar, la Kiingereza linapewa Kng, kisha tunasonga mbele. Kwa mtindo huo gondola itaingia kamusini hivi: nomino, ngeli ya i-/zi-, aina ya boti, kutoka Kiitaliano. Hakuna uongo hapo. Lakini mhandisi wa reli, mpanga bidhaa wa dukani na mwanafunzi anayesoma historia ya ndege watafungua ukurasa huo na kuufunga bila kupata msaada wowote. Zaidi ya hapo, hawatajua kwamba maana zao zote ni ndugu wa tumbo moja.

Nianze na chombo chenyewe. Gondola ya Venezia ina urefu wa karibu mita 11 na upana usiofika mita moja na nusu. Huundwa kwa vipande 280 vya mbao za aina nane tofauti. Chini ni bapa, haina mkuku, ule uti wa mgongo wa chombo. Jambo la ajabu ni kwamba haiko sawa pande zote: ubavu wa kushoto umepanuka kuliko wa kulia kwa sentimita 24 hivi, na ikiwa tupu majini inalalia upande wa kulia. Hilo si kosa la fundi. Mpiga kasia wake ni mmoja tu, anasimama tezi, yaani nyuma, anatazama mbele, na kasia lake liko upande wa kulia peke yake. Kama pande zingelingana, kila akivuta kasia chombo kingegeuka kushoto. Ubavu mpana unakirudisha kwenye mstari. Umbo hilo lilikamilishwa mwishoni mwa karne ya 19, na anayetajwa zaidi kwa kazi hiyo ni fundi Domenico Tramontin, aliyefungua karakana yake mwaka 1884. Kwenye gubeti, yaani mbele, kuna chuma kirefu chenye meno sita yanayotazama mbele, moja kwa kila mtaa mkuu wa mji ule, na jino moja linalotazama nyuma kwa ajili ya kisiwa cha Giudecca. Weusi wake nao una sababu. Matajiri walikuwa wakishindana kupamba gondola zao kwa vitambaa vya hariri na dhahabu, na mwaka 1562 watawala wa mji wakapiga marufuku fahari hiyo. Rangi nyeusi ikabaki hadi leo.

Fundi wa vyombo wa Nungwi au wa Lamu akisomewa aya hiyo ataielewa mara moja, kwa sababu imeandikwa kwa maneno yake mwenyewe: tezi, gubeti, mkuku, ubavu, kasia. Nalitaja hili kwa uchungu kidogo. Ninasoma tafsiri nyingi za Kiswahili zinazoandika sehemu ya mbele ya boti na sehemu ya nyuma ya boti, wakati watu wa pwani yetu walikwisha kuzipa sehemu hizo majina karne nyingi kabla ya kuwepo kwa baraza lolote la lugha. Kamusi inapoeleza kitu cha kigeni kwa maneno ya mafundi wetu, inafanya kazi mbili: inamfahamisha msomaji yule mgeni, na inaliweka hai neno la nyumbani.

Sasa asili ya jina. Andiko la zamani kabisa linalotajwa ni la mwaka 1094. Mtawala mkuu wa Venezia wakati huo, Vitale Falier, aliwaandikia watu wa Loreo, mji ulio kusini mwa Venezia, akiwaondolea wajibu wa kutoa chombo kilichoandikwa kwa Kilatini gondulam. Kabla ya hapo hatuna maandishi, tuna hoja za wanaisimu tu, nao hawajakubaliana. Wako wanaosema neno limetoka Kigiriki cha Bizanti, ile dola ya Warumi wa mashariki: kontoura, chombo kidogo chenye mkia mfupi. Wengine wanalitafuta kwenye neno la Kigiriki kondy, chombo cha kunywea. Wengine wanarudi Kilatini: cymbula, mashua ndogo, au neno lenye maana ya ganda dogo la kombe. Na wako wanaolihusisha na kitenzi cha Kivenezia dondolar, kuyumbayumba.

Mtu asiyejua Kiswahili anaweza kuona ajabu kwamba kikombe kinageuka mashua. Sisi hatuoni ajabu. Nahodha wa Tanga anaposema chombo kimeng'oa nanga, na mama jikoni anaposema lete chombo nipakulie, neno ni lilelile na hakuna anayechanganyikiwa. Kitu chenye tumbo la kubebea ni chombo, kiwe kimebeba mchuzi au watu. Kwa sababu hiyo nadharia ya kikombe haionekani ngeni kwangu, ingawa Bizanti ilikuwa na uhusiano wa karibu mno na Venezia hata kontoura nayo isipuuzwe. Kamusi haina haja ya kuamua kesi hii. Inatosha iseme asili haijathibitika na itaje hoja mbili zenye nguvu. Na hapa naomba kitu mahususi: kamusi zetu ziwe na alama ya kusema hivyo, asili haijathibitika, kwa maneno yetu pia. Dau ni mfano mzuri. Waingereza wanasema dhow, mabaharia wetu wanasema dau, na wanaisimu bado wanavutana kuhusu nani alimkopesha nani. Kukiri kwamba jambo halijaamuliwa ni taarifa yenye thamani. Mwanafunzi wa Mombasa akiiona alama hiyo atajua kuna kazi inamsubiri.

Huenda mtauliza kwa nini tuhangaike na mji ulio kaskazini mwa Bahari ya Kati. Naomba mvumilie, maana mji huo umo vinywani mwetu zaidi ya tunavyodhani. Ushanga wa kioo uliotengenezwa Venezia ulishushwa Unguja kwa wingi karne ya 19 na kubebwa na misafara hadi Tabora, Ujiji na ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Hayo ni mali. Maneno nayo yapo.

Mwaka 2020 kila redio ilitamka karantini mchana na usiku. Kwa mtindo wetu wa kamusi neno hilo linapewa Kng na mazungumzo yanaishia hapo, kana kwamba Waingereza ndio waliolibuni. Ukweli ni kwamba limetokana na quarantena ya Kivenezia, siku arobaini za kuwatenga mabaharia na mizigo wakati wa tauni. Dubrovnik, iliyoitwa Ragusa, iliweka siku thelathini mwaka 1377. Venezia ilifungua hospitali ya kudumu ya wagonjwa wa tauni katika kisiwa chake mwaka 1423. Arobaini ndiyo iliyobaki katika jina. Mswahili anayejua hilo anasikia ndani ya karantini hesabu anayoifahamu vizuri, kwa kuwa arobaini kwake tayari ni kipimo cha uzazi na cha msiba.

Kisha kuna geto. Kijana wa Kinondoni au wa Eastlands anapomwambia mwenzake twende geto, anamaanisha chumba chake cha kupanga, mahali pa uhuru wake wa kwanza. Neno hilo lilizaliwa Venezia. Mwaka 1516 serikali ya mji iliwaamuru Wayahudi wakae katika kisiwa kimoja tu, kwenye eneo la viwanda vya zamani vya kuyeyushia shaba, na milango ilifungwa usiku. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba eneo lilirithi jina la viwanda hivyo, yaani mahali pa kumiminia shaba. Jina likaenea Ulaya kwa mitaa yote ya Wayahudi waliofungiwa. Karne ya 20 likavuka kwenda mitaa ya watu weusi wa Marekani, waliobanwa na sheria na umaskini, na kutoka huko likaja kwetu ndani ya muziki. Safari ya miaka mia tano, ya watu waliofungiwa kwa sababu ya dini yao au rangi yao, mwisho wake ni chumba cha kijana wa Kiswahili anayefunga mlango kwa hiari yake. Kamusi ikiandika geto, chumba cha kijana asiyeoa, kutoka Kiingereza, imetupa karibu kila kitu. Nasema hivi nikiwa na yakini kabisa: hili ni neno linalostahili mistari sita, na mistari hiyo sita ingemfundisha mwanafunzi historia kuliko kurasa nyingi za kitabu chake cha shule.

Sasa niwazungumzie mafundi. Katika karakana kuu ya Venezia waliokuwa wakiziba nyufa za meli kwa nyuzi na lami waliitwa calafati. Nenda ufukweni Pangani uwaulize wanaoziba mashua kwa pamba na mafuta wanafanya nini. Watakuambia wanakalafati. Neno moja, kazi moja. Kiarabu kina qalfata, Kireno kina calafate, Kigiriki cha Bizanti kina kalaphates, na mfalme Mikaeli wa Tano wa Bizanti, aliyetawala mwaka 1041 hadi 1042, alibaki na jina hilo la utani kwa sababu baba yake alikuwa fundi wa kalafati. Karakana ile yenyewe iliitwa arzanà, kutoka Kiarabu dar as-sina'a, nyumba ya ufundi, na shina hilohilo la Kiarabu ndilo lililotupa sanaa. Bahari ilikuwa imewaunganisha mafundi hawa muda mrefu kabla ya yeyote kuwachorea mipaka.

Nirudi kwenye gondola, maana safari yake haikuishia kwenye mifereji. Amerika ya Kaskazini, katika karne ya 18, jina hilo lilipewa boti pana za mito na maziwa zenye sakafu bapa. Moja ya boti hizo, Philadelphia, ilizamishwa na Waingereza katika vita vya Ziwa Champlain tarehe 11 Oktoba 1776, ikaopolewa mwaka 1935 na leo imehifadhiwa katika makumbusho mjini Washington. Hapo maana ilikwisha kuhama. Wembamba na umaridadi wa Venezia vilisahaulika, ikabaki sakafu bapa na kuta fupi. Reli za Marekani zilipohitaji jina la behewa lisilo na paa, lenye kuta fupi, la kubebea makaa na vyuma chakavu, neno lilikuwa tayari. Ndiyo maana orodha ya mabehewa kutoka Marekani inasema gondola, na mtafsiri anayejua boti ya Venezia tu anabaki ameduwaa. Sisi tunaliita behewa la wazi, na kwa maoni yangu litoshe hivyo.

Njia ya pili ilipanda angani. Tarehe 2 Julai 1900 chombo cha kwanza cha Mjerumani Zeppelin kiliruka juu ya Ziwa Konstanz. Kilikuwa puto refu mno lenye mifupa ya alumini, na chini yake palikuwa na vyumba viwili vya injini na marubani. Vyumba hivyo vilipewa umbo la boti kwa sababu chombo kile kilirukia na kutua juu ya maji ya ziwa. Jina gondola lilikuwa halali kabisa: vilikuwa boti zilizoning'inia.

Gondola za aina hiyo zilikaribia kufika kwetu, na naona si haki kwamba habari hii haimo katika masomo ya watoto wetu. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo L59, Zeppelin ya jeshi la Wajerumani, kiliondoka Jamboli, Bulgaria, kikiwa na urefu wa mita zaidi ya 220 na tani 15 za risasi, dawa na vifaa, kikielekea nyanda za Wamakonde kumfikishia msaada Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani aliyekuwa akipigana na Waingereza. Hakikukusudiwa kurudi. Kitambaa chake kingekatwa mahema na nguo, mifupa yake ingetumika kwa ujenzi. Magharibi ya Khartoum kilipokea amri kwa redio ya kugeuza, kikageuza, na kikatua Jamboli tarehe 25 baada ya saa 95 na kilomita 6,757. Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alikuwa akivuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Kama kingefika, wapagazi na askari wa Kiswahili wangekiona kitu hicho kikishuka kutoka mawinguni, na wangekipa jina lao. Pengine jina hilo lingekuwa kamusini leo, na wala tusingehitaji mkopo.

Puto za leo za Serengeti na Maasai Mara ni jambo jepesi zaidi. Zinabeba watalii alfajiri katika kikapu cha henzirani, na wafanyakazi wake husema kikapu. Sawa kabisa. Tatizo linaanza kwa habari kama ya Auguste Piccard, mwanasayansi wa Uswisi, ambaye tarehe 27 Mei 1931 alipaa na mwenzake Paul Kipfer hadi mita 15,781 wakiwa ndani ya tufe la alumini lililozibwa hewa isitoke. Huwezi kuliita kikapu, maana lau lingekuwa kikapu wangekufa. Hapo gondola ndilo neno la kazi, na kamusi inapaswa kuliruhusu likiwa na maelezo yake.

Njia ya tatu ndiyo inayotugusa moja kwa moja. Mwaka 2019 serikali ya Tanzania ilitangaza kwamba inafikiria kuweka usafiri wa waya Mlima Kilimanjaro. Wagumu, wanaoishi kwa kubeba mizigo ya wapanda mlima, walisimama kuutetea mkate wao. Sitaingia katika mjadala huo hapa. Ninachotaka muone ni hali ya lugha yake. Nilisikia gari la kamba, gari la waya, kebo, kebo ka, lifti. Watu walibishana kwa ukali huku kila mmoja ana picha yake kichwani, kwa kuwa kuna mitambo miwili tofauti kabisa. Upo ule wa Table Mountain kule Cape Town, uliofunguliwa mwaka 1929: vyumba viwili vikubwa, kimoja kikipanda kingine kinashuka, na tangu 1997 kila kimoja kinabeba watu 65. Na upo wa vyumba vingi vidogo vinavyozunguka mfululizo kwenye waya mmoja, vinaachia waya vikifika kituoni ili watu wapande, kisha vinaushika tena. Huo wa pili ndio Waingereza wanauita gondola. Medellín ya Kolombia iliutumia kuwaunganisha wakazi wa vilimani na treni ya mji mwaka 2004, na La Paz ya Bolivia ikafungua njia za kwanza za mtandao mzima wa aina hiyo mwaka 2014. Mombasa nayo ilisikia mipango kama hiyo kwa ajili ya kivuko cha Likoni. Tofauti ya mitambo hii ni tofauti ya gharama, ya idadi ya nguzo zitakazosimikwa msituni na ya watu watakaopita kwa saa. Raia anayeulizwa maoni ana haki ya kuulizwa kwa maneno yanayotenganisha vitu.

Mimi ningependekeza kiberenge cha waya kwa kile chumba kidogo kinachozunguka. Wenye kukulia karibu na reli ya kati wanajua kiberenge ni nini, gari dogo jepesi la kupita relini, na wataona picha bila kuelezwa. Lakini sidai pendekezo langu ndilo lipite. Nadai paitishwe kikao, na wagumu wawe mezani.

Rafu ya supamaketi nitaipitia haraka. Wapanga bidhaa wa Nairobi na Dar es Salaam wanaita gondola ile rafu ndefu ya katikati yenye pande mbili, na kampuni zinalipia nafasi ya mwisho wake kwa sababu kila mnunuzi hupita hapo. Wao wameshaamua. Kamusi iandike wanavyosema.

Jukwaa la maghorofa siwezi kulipitia haraka. Ni lile jukwaa jembamba linaloshushwa kwa waya mbili kutoka paa la jengo, likiwa na mafundi wa rangi au wa vioo. Japani wanaliita gondola na wanazo kanuni za usalama kwa jina hilohilo. Maelezo ya mashine nyingi za aina hii zinazotoka China hutumia neno hilo pia, na zinafungwa kwenye majengo ya miji yetu. Sasa fikirieni kijana aliyepewa karatasi ya maelekezo kwa Kiswahili, imeandikwa usipakie gondola zaidi ya kilo kadhaa, naye hajui kama gondola ni jukwaa zima, ni ndoo ya vifaa au ni ile winchi ya juu. Yuko ghorofa ya kumi na mbili. Kamusi iliyokaa kimya hapa imemwacha peke yake. Jukwaa la kuning'inia linaeleweka. Liwekwe rasmi, na chini yake isemwe kwamba baadhi ya viwanda huliita gondola.

Nimejaribu kuandika kidahizo, yaani neno na maelezo yake ya kamusi, kama ambavyo ningependa kukisoma, nanyi mkirekebishe:

gondola nm (i-/zi-) 1. chombo chembamba cha mbao cha Venezia, chenye sakafu bapa na kisicho na mkuku, kiendeshwacho kwa kasia moja na mtu asimamaye tezi. 2. (angani) chumba kilichofungwa kilicho chini ya puto kubwa au chombo cha Zeppelin; taz. kikapu. 3. (usafiri) chumba kidogo kizungukacho kwenye waya, taz. kiberenge cha waya. 4. (reli, Marekani) behewa la wazi. 5. (biashara) rafu ndefu ya dukani yenye pande mbili. 6. (ujenzi) jukwaa la kuning'inia. Njia: Kivenezia, limeandikwa tangu 1094, asili haijathibitika, labda Kigiriki kontoura au kondy, limepita Kiitaliano, Kijerumani na Kiingereza, maana ya 2 ilitumika kwa vyumba vya Zeppelin vyenye umbo la boti.

Kidahizo hicho hakizidi maneno mia moja na kidogo. Mnaweza kusema kamusi itanenepa. Basi ya karatasi ibaki nyembamba, na ya mtandaoni ibebe njia za maneno. Anzeni na yale yanayotumika kila siku: meli, ambayo tuliipata kwa meli za barua za Waingereza, manowari, bandari, yenye asili ya Kiajemi, bendera na meza za Wareno, gari la Wahindi, shule ya Wajerumani, karantini, geto. Kila neno lipewe tarehe ya andiko la zamani linalojulikana, hata kama ni kamusi ya wamisionari ya karne ya 19. Vyuo vikuu vyetu vina wanafunzi wa shahada za isimu wanaotafuta mada kila mwaka. Wapeni kila mmoja maneno hamsini.

Kiswahili sasa kina siku yake duniani, tarehe 7 Julai, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na Umoja wa Afrika unakitumia katika vikao vyake. Ninafurahi kwa hilo kama kila mmoja wenu. Lakini lugha inayofasiriwa katika vikao vya bara zima inahitaji kamusi ambayo mfasiri akiifungua usiku wa manane, kesho yake akiwa na kazi ya saa tatu asubuhi, itamjibu.

Ninalo daftari la maneno niliyoyakusanya kazini, mengi ya bahari, reli na ujenzi, kila neno na mahali nilipolikuta na maana lililokuwa nayo. Nalitoa bure. Ninachowaomba ni mtangaze hadharani ofisi ipi inapokea michango ya namna hii, kwa muundo gani, na nani anajibu, ili mimi na watafsiri wenzangu wa Dar es Salaam, Mombasa, Bujumbura na Lubumbashi tulete tulichonacho.

Wenu katika kazi ya lugha,

Mtafsiri, Tanga